ReStore ya Winnipeg: mtumba wa milango, na pa kupeleka mikono miezi ya theluji

Mlango wetu wa nyuma ulikuwa unaota barafu kwa ndani. Asubuhi moja ya Januari mwaka juzi, hapa Winnipeg, Kanada, nje nyuzi 31 chini ya sifuri, kila kichwa cha skrubu kwenye bawaba kilikuwa kimevaa kikofia cheupe, maana chuma huingiza baridi ya nje mpaka ndani ya nyumba. Kwenye kizingiti palikuwa na mstari wa theluji laini, unene wa kidole, umepenya usiku kwenye ufa. Binti yangu wa miaka sita alikuwa amechuchumaa hapo anaikwangua kwa kijiko. Mke wangu alinitazama, hakusema neno. Mimi ni fundi seremala, mtu wa Ujiji, nimeshika randa tangu nina miaka kumi na saba, na mlango wa nyumba yangu mwenyewe ulikuwa unapitisha theluji.

Nikachukua futi nikapima. Upana inchi 31 na robo tatu, urefu inchi 77 na nusu. Nyumba yenyewe ni ya mwaka 1913, ya mbao, na wakati ule kila fundi alipiga fremu kwa kipimo chake. Milango mipya ya dukani inakuja inchi 32 kwa 80, au 36 kwa 80, basi. Nilikwenda kwenye duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi, wakanikadiria zaidi ya dola 1,000 kwa mlango wa kuagiza, na kusubiri wiki sita. Wiki sita kuanzia Januari, Winnipeg! Mzee mmoja ninayeswali naye Ijumaa ndiye aliyeniambia: "Mwanangu, usitupe hela. Nenda ReStore."

Kwa ambao hamjaisikia, ReStore ni duka la Habitat for Humanity, lile shirika linalojenga nyumba kwa ajili ya familia za kipato kidogo. Wenye nyumba wanaokarabati, makandarasi waliobakiwa na vifaa, maduka yenye bidhaa za ziada, wote wanatoa bure. Duka linauza kwa bei ya chini na kinachopatikana kinasaidia ujenzi. Kwa lugha yetu ni mtumba, ila badala ya mashati na suruali utakuta milango, makabati ya jikoni, masinki, taa, marumaru zilizobaki boksi mbili tatu, bawaba na vitasa. Siku hizi maduka ya jina hilo yako kwa mamia Kanada na Marekani, lakini la kwanza kabisa lilifunguliwa hapa hapa Winnipeg mwaka 1991. Mji wenyewe una haki ya kujivunia.

Jambo jingine nililolijua baadaye, nikalirudia kwa kila Mkongomani ninayemfahamu hapa: Millard Fuller na mkewe Linda, walioanzisha Habitat mwaka 1976 kule Georgia, Marekani, walikuwa wametoka kuishi Zaire miaka mitatu. Kuanzia 1973 walikuwa Mbandaka, kando ya Mto Kongo, wakijenga nyumba pamoja na wenyeji. Walichojifunza kule ndicho walichorudi nacho kwao. Kwa hiyo mama wa Uvira au wa Fizi akiingia kwenye duka hili akajiona mgeni, mimi humwambia hapana, mama, hili jambo lilipitia kwenu kabla halijafika hapa.

Turudi kwenye mlango wangu. Milango imesimamishwa kwa safu kama vitabu kwenye rafu, na unaipekua mmoja mmoja ukiuegemeza begani. Nilipekua karibu saa nzima. Wa kumi na kitu ulikuwa wa mbao tupu, si ule wa maboksi ndani, unene inchi moja na robo tatu, inchi 32 kwa 79, umepakwa vanishi tu. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole juu, katikati, chini. Sauti nzito, moja, haina uwazi. Nikanusa ukingo wa chini pale panapooza kwanza, hakuna harufu ya uvundo. Dola 45. Nilisimama nao pale kama mtu aliyeokota pesa anasubiri mwenyewe atokee.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini duka hili linawafaa hasa wenye nyumba kuukuu. Mlango ule ulitoka kwenye nyumba ya rika moja na yangu. Fundi aliyeutengeneza alitumia vipimo vya zama zile zile, na tundu la kitasa lilikuwa la vile vitasa vya kuzamisha ndani ya ubao, vyenye ufunguo mrefu, ambavyo maduka mapya mengi hayana tena. Nilikata inchi moja na nusu chini, nikaupitisha randa robo inchi ubavuni, nikachonga vitanda vya bawaba kwa patasi, nikazungushia fremu utepe wa mpira wa kuzuia upepo na chini nikafunga ule ubapa wenye brashi. Siku mbili, kazi yote chini ya dola 90. Barafu haikuisha kabisa, nisiwadanganye: usiku wa nyuzi 35 bado bawaba ya chini inaota vikofia viwili. Lakini kizingiti kikavu, na binti yangu hana tena theluji ya kukwangua jikoni.

Sasa niseme lililonifanya niandike, maana mlango ungetosha mistari miwili.

Kazi yangu hapa ni ya lami. Kuanzia Mei mpaka Oktoba tunatengeneza barabara, saa kumi mpaka kumi na mbili kwa siku, na mtu unalala ukiwa umechoka vizuri. Ikifika Novemba ardhi inaganda, barafu inashuka chini zaidi ya mita moja na nusu, kampuni inatupumzisha mpaka masika. Karibu miezi sita. Msimu wangu wa kwanza nilidhani ni likizo. Tarehe 21 Desemba jua hapa linachomoza saa mbili na dakika ishirini na kitu asubuhi, saa kumi na nusu jioni limeshazama. Unaamka giza, unashangaa kidogo, giza tena. Nilikuwa nalala mpaka saa sita mchana, nakaa na simu, nasikiliza habari za nyumbani ambazo siwezi kuzifanyia kitu. Nilianza kuwafokea watoto kwa mambo ya bure. Mke wangu, ambaye anafanya kazi ya kutunza wazee na hapumziki, alinikuta siku moja nimekaa gizani sebuleni sijawasha hata taa. Akaniuliza, "Baba Mkubwa, unaumwa?" Ananiita hivyo akiwa na hofu. Sikuwa naumwa. Mikono yangu haikuwa na kazi.

Siku niliyokwenda kulipia mlango nikaona karatasi ukutani: wanahitaji wa kujitolea. Nikauliza. Dada wa kaunta akanitazama nilivyoushika ule mlango, akasema, "Wewe ni fundi, siyo?" Ilikuwa mara ya kwanza Kanada mtu kuniita fundi bila mimi kutaja. Wiki iliyofuata nikajaza fomu, nikapewa maelekezo ya usalama, nikaja na buti zangu za kazi zenye chuma puani. Tangu hapo, kila majira ya baridi, Jumanne na Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, mimi niko pale.

Kazi gani? Kupokea mizigo mlangoni, kwanza. Gari linarudi nyuma, baridi inaingia nalo, mnashusha makabati harakaharaka. Kulinganisha milango ya makabati iliyochanganyika. Kuhesabu marumaru. Kukaza miguu ya meza. Na kuna meza ya skrubu, ambayo naipenda kuliko yote, na nitaieleza.

Watu wanapofunga gereji ya marehemu baba yao, wanaleta makopo. Makopo ya kahawa, ya biskuti, ya rangi, yamejaa misumari, skrubu, washa, kulabu, vishikizo vya droo, vyote pamoja. Tunamwaga mezani, tunachambua. Mimi nakaa na mzee mmoja mstaafu, wazazi wake walitoka Ukraine, naye alikuwa fundi wa ngazi maisha yake yote. Anazungumza polepole na mimi Kiingereza changu cha barabarani kinatosha. Siku ya kwanza aliniwekea mbele skrubu yenye tundu la mraba kichwani. Mimi nazijua za nyota na za mstari mmoja. Hii sikuwahi kuifunga kwa mkono, barabarani hatufungi skrubu. Akaisimika kwenye ncha ya bisibisi, akaigeuza ikatazama chini, akaiachia. Haikuanguka. Ikabaki imeng'ang'ania pale pale, bila sumaku. Akanieleza ni uvumbuzi wa hapa Kanada, wa bwana P. L. Robertson, mwaka 1908, na bisibisi zake zinatambulika kwa rangi ya mpini: kijani ndogo, nyekundu ya kati ndiyo inayotumika zaidi, nyeusi kubwa. Mkono mmoja unashika ubao, mwingine unafunga, na skrubu haikuhitaji mkono wa tatu. Nikafikiria miaka yangu yote juu ya ngazi Ujiji na Kigoma mjini, skrubu mdomoni, zinadondoka mchangani, kijana wa chini anazitafuta. Niliijaribu mara ishirini siku ile.

Yule mzee huwa hasemi mengi, lakini kila Alhamisi ananiletea swali la useremala kana kwamba ananipa zawadi. Nyumbani mnaunganishaje fremu bila gundi? Mninga ukoje kwenye randa? Mbao za mwambao zinaliwa na mchwa au zinastahimili? Mimi nami namuuliza za kwao. Nimekaa nchi hii miaka saba, na mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya na Mkanada yalikuwa juu ya jinsi ubao unavyojikunja ukikauka.

Hiyo kazi ya kujitolea ilirudi nyumbani kwangu pia. Nilipoona vifaa vinavyong'olewa kwenye nyumba za wenzangu nikaanza kuiona nyumba yangu ilivyo. Natoa machache kwa mwenye nyumba ya zamani kwenye baridi kama hii.

Kutafuta ufa, chukua udi wa vijiti. Mke wangu anao daima. Siku ya upepo, funga milango yote, washa kijiti, kipitishe taratibu kando ya fremu za madirisha, chini ya ubao wa ukutani, kwenye soketi za umeme za kuta za nje, huku ukikiweka mbali na mapazia. Moshi ukipanda wima, pazuri. Ukijikunja ukalala, pana upepo. Kwangu moshi ulilala kwenye soketi tatu za chumba cha watoto, mahali nisipopawazia kamwe. Kuna vile vipande vya sponji vinavyokaa nyuma ya kifuniko cha soketi. Zima umeme kwanza, fungua, weka, rudisha. Dakika tano kila kimoja, na nyumba ikanukia udi mpaka jioni.

Madirisha ya kioo kimoja yanavaliwa plastiki. Unabandika utepe wenye gundi pande mbili kuzunguka fremu, unatandaza plastiki, halafu unaipulizia mashine ya kukaushia nywele mpaka ivutike ikakaze kama ngozi ya ngoma. Ikikaza sawasawa huioni. Usisahau kufuta fremu kwa spiriti kwanza na kuiacha ikauke. Nilibandika chumba kimoja bila kufuta, wiki mbili ikabanduka yote usiku mmoja. Na mnaopika ugali na maharage kila siku kama sisi, washeni feni ya jikoni. Mvuke wa sufuria unakwenda kukaa kwenye kioo, unaganda chini ya dirisha, mbao za fremu zinaoza kwa maji ya chakula chenu wenyewe.

Bomba la sinki letu limepita ukuta wa nje. Liliganda mara moja. Dawa yake ni kuacha milango ya kabati la chini wazi usiku wa baridi kali, joto la nyumba liingie, na koki idondoke tone tone. Likishaganda, fungua koki, kisha pasha kwa ile ile mashine ya nywele, ukianzia upande wa koki kurudi nyuma. Moto wa wazi kamwe, jamani. Kuta hizi ni mbao kavu za zaidi ya miaka mia.

Na hili ni la hatari, nalisema kwa wote wanaopenda kujishughulisha majira ya baridi: msipige msasa rangi ya zamani ndani ya nyumba iliyofungwa. Nyumba za Kanada zilizojengwa kabla ya 1960 kwa kawaida zina rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Madirisha hayafunguki Januari, vumbi halina pa kwenda. Ndiyo maana mlango niliouchukua nilifurahi kuona ni vanishi. Ukiona mlango mzuri wenye tabaka nne za rangi, upime kwanza kama rangi ina risasi, au uache.

Kwa upande wa ununuzi, haya ndiyo maoni yangu baada ya misimu mitatu kuwa pande zote mbili za kaunta. Milango ya mbao tupu, vitasa vya zamani, bawaba za shaba, makabati ya jikoni ya seti nzima, masinki ya chuma, marumaru za eneo dogo kama la nyuma ya jiko: nendeni mkanunue macho yamefumbuliwa na furaha. Vifaa vya umeme vya mtumba, popote mnaponunua, tazameni kwanza alama ya CSA, chombo cha Kanada kinachothibitisha usalama wa vifaa, au ya chombo kingine kinachotambulika hapa. Nendeni na futi, na vipimo vya nyumbani vimeandikwa kwenye karatasi, si kichwani. Ubao unaoitwa mbili kwa nne hapa ukiupima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na macho yatakudanganya. Tafuteni mwenye pikapu kabla, maana mlango hauingii kwenye basi. Na msiende na haraka. Leo kuna masinki kumi na hakuna koki, wiki ijayo kinyume chake. Mwenye kutaka kitu fulani, rangi fulani, Jumamosi hii, hapa si mahali pake. Mwenye miezi sita, hapa ndipo. Nawapa nyota tano kwa bei na tano nyingine kwa namna wanavyompokea mtu anayekuja kujitolea.

Watu wengi wetu wanaogopa neno kujitolea. Nimelisikia kwa ndugu: kwa nini ufanye kazi bure wakati una bili? Nawaelewa, mwenye kazi mbili hana saa ya kutoa, na simshawishi. Lakini fundi aliyekaa nyumbani tangu Novemba, namwita kwa moyo wote. Mwaka 2017 Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja Winnipeg kujenga nyumba na Habitat akiwa na miaka 92. Akaishiwa maji mwilini kwa jua la Julai, wakamkimbiza hospitali. Kesho yake asubuhi alirudi kwenye ujenzi. Yule mzee wa Ukraine kila akisimulia hilo anatikisa kichwa, halafu anaendelea kuchambua skrubu.

Familia inayopata nyumba ya Habitat hainunui kwa bure. Inalipa mkopo kadiri ya uwezo, na kabla ya hapo inatoa kazi, hapa Kanada kwa kawaida saa 500. Baadhi ya saa hizo hufanyika dukani. Alhamisi moja ya Februari aliletwa kwenye meza yetu mama mmoja wa Uvira, amevaa koti kubwa juu ya kitenge, anahesabu saa zake. Kumsikia tu akisema "jambo, papa," nikajua. Tulichambua pamoja mpaka mchana. Alikuwa hajui majina ya vitu, nikamfundisha: hii bawaba, hii komeo, hii kulabu, na yeye akanipa ya kwao. Alipopata kitasa cha shaba chenye ufunguo wake, jambo la nadra sana, alikishika akakigeuza akasikiliza kinavyolia ndani. Akaniuliza kama kitaingia kwenye mlango wa nyumba mpya. Nikamwambia mama, hapana, milango mipya imetobolewa kwa kitasa cha duara, hiki ni cha kuzamisha.

Akakiweka mezani. Halafu akakichukua tena.

Tukakubaliana hivi: nyumba yake ikikamilika nitamtengenezea mlango wa chumba kwa mkono, nichonge tundu la kitasa hicho. Alikilipia dola nne. Mbao nimeshazipata, ziko besimenti kwangu zimelazwa juu ya vijiti zikauke sawasawa, na kila jioni nazigeuza.